Ilisomwa Digrii Ngapi?

Ukitaka GTI yako isifiwe Nairobi siku hizi, huna haja ya kuifanyia servisi. Ioshe injini kwa presha, kipake kifuniko chake cha plastiki silikoni mpaka king'ae, zipake kalipa za breki rangi ya njano, kisha ipeleke kwenye mkutano wowote wa magari Jumapili na ufungue boneti. Watu watajaa. Hivi karibuni nilisimama mbele ya Mk6 nyeupe ya namna hiyo, rimu za inchi 19, mwenyewe anapongezwa kwa jinsi "anavyojua kutunza gari". Ilikuwa imekaa kivulini tangu asubuhi. Ilipowashwa, mnyororo wa taiming ulikwaruza sekunde kadhaa kabla ya presha ya oili kupanda, na kila mwenye Mk6 anajua mkwaruzo huo unasema nini kuhusu tenshena. Halafu egzosi ikapasua mara mbili, watu wakashangilia. Wakasifu egzosi.

Basi nimeona niandike. Sitaeleza DSG ni kitu gani wala sitafafanua tofauti ya EA113 na EA888. Asiyezijua aanze na kitabu cha gari lake, akibahatika kupata kisichoandikwa Kijapani.

Golf GTI ilipoonyeshwa Frankfurt mwaka 1975, Volkswagen walikuwa wamepanga kutengeneza 5,000 tu. Injini ya 1.6, nguvu farasi 110, uzito wa kilo 800 na kitu. Mapambo yake yalikuwa mstari mwekundu kwenye grili, viti vya kitambaa cha mirabaraba na kirungu cha gia chenye umbo la mpira wa gofu. Hayo tu. Za kizazi kile cha kwanza zikauzwa zaidi ya 400,000, na walioinunua waliipenda kwa namna ilivyokwenda, siku za kazi na siku za mapumziko. Gari la hivyo linatunzwa kwa kupimwa. Kung'arishwa ni kazi ya wale vijana wa kuosha magari, na wanaifanya vizuri kwa bei nafuu.

Tuanze na mepesi. Usisimame mbele ya gari, lala chini yake. Itazame bolti ya sampu. Pembe zake zikiwa zimelika, aliyeifungua hana soketi inayoenea; asiye na soketi inayoenea hana spana ya toki; na asiye na spana ya toki amekisia kila alichokaza humo ndani. Bolti hiyo inakazwa 30 Nm na ni ya kutumika mara moja, hairudishwi ile ya zamani. Bolti za magurudumu ni 120 Nm, na fundi anayezikaza kwa bunduki ya upepo mpaka ilie hajui kazi, hata awe na vyeti ukuta mzima. Tairi za ekseli moja ziwe za kampuni moja na ruwaza moja. Oili ya injini iwe imeandikwa 502 00 au 504 00 mgongoni mwa chupa. "Ni ya Kijerumani hiyo, usijali" si maandishi. Ulaya wana mpango wa servisi unaoruhusu hadi kilomita 30,000 kwa oili moja. Kwa foleni zetu za Mombasa Road na vumbi letu, 8,000 zinatosha, na anayezidisha anajidanganya. Kalipa za GTI zilitoka kiwandani zikiwa nyekundu. Anayezipaka njano hana maelezo ninayotaka kuyasikia.

Mwenye Mk5 ana mtihani wake wa ziada: folowa ya pampu ya presha ya petroli, kile kikombe kidogo kinachokaa kati ya pampu na kemishafti. Kikiwa kizima kina weusi juu yake. Weusi ukilika kinabaki cheupe, kikiendelea kinatoboka, na baada ya tundu hilo kemishafti na pampu vinakwenda pamoja. Skrubu tatu tu ndizo zinazomzuia mtu kukiona. Ukimuuliza mwuzaji kiliangaliwa lini, naye akakutolea stakabadhi ya mkanda wa taiming, ameshakukwepa.

Lakini hayo yote mwanagenzi mwenye macho atayajua ndani ya mwaka. Kuna jambo moja ambalo sijapata kumsikia mwanagenzi akiliuliza, nalo ndilo ninalotumia kuwatenga mafundi na wauza maneno: oili ya DSG ilipimwa ikiwa na joto gani.

DSG ya gia sita, ile ambayo klachi zake zimelala ndani ya oili, haina dipstiki. Inabeba lita saba hivi, na servisi ya kila kilomita 60,000 inatakiwa kutoa zaidi ya tano. Chini yake kuna bolti ya aleni ya 14. Ukiifungua inatoka oili kidogo, inapungua, inadondoka, inakauka. Hapo ndipo gereji zetu zinapogawanyika. Ndani ya tundu lile lile, juu kidogo, kuna kijibomba cha plastiki kinachofunguliwa kwa aleni ya 8. Kijibomba hicho ndicho kipimo chenyewe, kwa maana ncha yake ya juu ndiyo usawa wa oili. Iliyotoka mwanzo ni ile iliyozidi ncha tu. Lita nne na ushei bado ziko juu zimetulia, nyeusi, zimebeba unga wa klachi. Asiyejua kwamba kijibomba kipo anafuta mikono na kuamini amemaliza.

Na kuna anayejua. Kuna gereji moja Industrial Area, yenye sofa na mashine ya kahawa, ambayo fundi wake alikifahamu fika kile kijibomba na akakigeuza mtaji. Mteja analipia lita sita. Anaitwa aone kwa macho yake: bolti inafunguliwa, oili inatiririka, inakauka. "Umeona? Imekwisha." Inaingizwa lita moja, zile tano zinamsubiri mteja wa kesho. Kisha kompyuta inachomekwa, kumbukumbu za giaboksi zinafutwa, gari linabadili gia kwa namna tofauti kidogo na mteja anaondoka akisema limekuwa laini kuliko lilivyotoka Japani. Wateja walimsifu. Bado wanamsifu.

Kujaza ndiko kunakomtoa fundi jasho. Oili inapandishwa kutoka chini, kwenye tundu lile lile, kwa adapta na mpira, chupa ikiwa imeinuliwa juu ya injini. Injini inawashwa. Mguu kwenye breki, liva inapitishwa P, R, N, D, kila mahali sekunde chache. Kompyuta imechomekwa, na kuna mtu anasoma joto la oili ya giaboksi, si la maji ya rejeta. Likiwa kati ya 35 na 45, adapta inatolewa huku injini ikiendelea kuzunguka, na oili iliyozidi inashuka kupitia kijibomba. Kwanza ni mkondo, kisha uzi, kisha tone baada ya tone. Ikifika kwenye matone, bolti inarudi na gasketi mpya, 45 Nm, kazi imeisha.

Kwa nini digrii? Oili hutanuka ikipata moto. Ukiipima ikiwa 60, kijibomba kimekumwagia oili uliyokuwa unaihitaji, na gari likipoa lina upungufu. Ukiipima ikiwa 20, umejaza kupita kiasi na gia zinaipiga mpaka itoe povu. Ubaya wa upungufu ni kwamba haujitangazi. Gari linatoka gerejini kimya. Miezi inapita, linaanza kusita kwenye gia ya pili likipanda mlima, halafu herufi za gia zinaanza kumeta kwenye dashibodi, na hapo unaambiwa mekatroniki imekufa, pole sana, tukuagizie nyingine? Hakuna anayeirudisha akili kwenye ile servisi iliyofanywa saa nane mchana, gari limetoka barabarani moja kwa moja.

Jambo hili lina hali yake ya hewa pia. Nairobi mwezi wa Julai, alfajiri, chuma kina baridi ya kuuma vidole. Fundi ana nafasi ya kujaza, kupitisha liva, hata kukosea adapta na kurudia, kabla joto halijafika 35. Mombasa mwezi wa Februari hewa yenyewe mchana inapita 30. Giaboksi iliyolala chini ya mabati inaamka ikiwa karibu na mpaka, na injini ikizunguka kidogo tu unaiona namba inapanda kwenye kioo. Namjua fundi mmoja wa Changamwe ambaye kwa sababu hiyo hapokei kazi ya DSG mchana. Gari unalileta jioni, linalala kwake, na anaanza baada ya swala ya alfajiri, feni kubwa imeelekezwa tumboni mwa gari. Niliwahi kumwona akimkataa mteja aliyefika saa tano akitaka kusubiri. "Lina homa hili," akamwambia. "Liache, nenda kanywe chai, rudi kesho." Mteja alinuna. Alifikiri anaringiwa.

Mzee huyo ana tabia nyingine mbili ninazozichukulia kuwa sheria. Oili aliyoitoa haimwagi. Anaimimina kwenye madumu yenye alama, anakuonyesha imetoka lita ngapi, kisha kiasi kile kile ndicho kinachoingia kwanza kabla ya kuanza kupima. Na filta ya zamani anaikata kwa kisu mbele yako. Filta ya DSG hiyo iko juu ya giaboksi, chini ya boksi la hewa, jirani na betri. Ukikuta boksi la hewa halikuguswa na stakabadhi inasema filta mpya, umenunua karatasi. Akimaliza, anachukua kipande cha tepu, anaandika kwa kalamu tarehe, kilomita, lita na digrii, na kukibandika ndani ya boneti. Nilichokiona kwenye Mk7 moja kiliishia na "41". Hakuna kitabu cha servisi chenye mihuri ya dhahabu ninachokiamini kuliko kile kipande cha tepu.

Namba ya oili yenyewe ni G 052 182. Anayekumiminia ATF ya gari jingine kwa hoja kwamba oili ya otomatiki ni oili ya otomatiki, mwondokee. Na anayezungumzia DSG ya gia saba yenye klachi kavu, ile ya 1.4 TSI zilizojaa mjini, kana kwamba ni ndugu pacha na hii, mwondokee mapema zaidi.

Zamani adabu ya kupima ilikuwako. Mafundi wa Peugeot 504 wa Kirinyaga Road walirekebisha vali kwa filagauge na kuandika namba ukutani kwa chaki, silinda kwa silinda, na mteja alikuwa na haki ya kuzisoma. Joginder Singh aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965, halafu 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla hajawa bingwa, na ile Volvo PV544 ya ushindi wa kwanza ilikuwa gari lililokwisha kutumika. Hakushinda kwa kuosha injini. Najua, hata enzi hizo walikuwako waliojaza maji ya mfereji kwenye rejeta za watu na kulipisha kulanti. Tofauti ni kwamba hawakusifiwa hadharani.

Sasa wewe unayetaka kununua. Kwa sheria ya Kenya ya miaka minane, Mk5 na Mk6 nyingine haziingii tena bandarini; zilizopo zimepita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja aliapa kwamba servisi ni kamili. Mk7 inayoshuka Mombasa kutoka Japani ikiwa na kilomita 60,000 inatangazwa kuwa imetembea kidogo. Imetembea kidogo kweli, na imefika siku ile ile ambayo oili ya DSG inadaiwa. Mwuzaji atakuonyesha rangi, viti, na labda karatasi ya mnada. Msikilize, kisha muulize hivi tu: oili ya giaboksi ilibadilishwa lini, na ilisomwa digrii ngapi? Aliyefanyiwa kazi na fundi wa kweli atakutajia namba, au atampigia fundi wake simu na fundi ataitaja kabla hujamaliza kuuliza. "Ilipimwa vizuri tu" si namba. "Ilikuwa vuguvugu" si namba. Ukijibiwa hivyo, kaulizie bei ya mekatroniki madukani, itoe kwenye bei ya gari, na mwenyewe akikataa, mwachie gari lake.