Ufa Mmoja, Maradhi Mengi: Istilahi za Sakafu ya Vigae juu ya Mbao

Miongoni mwa istilahi za ujenzi zinazostahili kutazamwa upya ni zile zihusuzo sakafu ya bafu iliyotandikwa vigae juu ya mbao. Mfasiri anayetegemea kamusi peke yake, akikuta maelezo ya hitilafu ya sakafu hiyo, huelekea kuandika: "ziba nyufa za saruji baina ya vigae." Sarufi ya sentensi hiyo haina kasoro. Hata hivyo, fundi akiitii atatengeneza kitu ambacho hakikuharibika na kuacha kilichoharibika. Makala haya yanakusudia kuonyesha sababu.

Tuanze na kigae chenyewe. Kwa asili neno hili lina maana ya kipande cha chungu kilichovunjika, na baadaye likatumika kwa vigae vya paa. Mafundi wengi leo husema "tailizi" au "marumaru". Neno la mwisho ndilo lenye hatari, kwani marumaru ni jiwe la asili, na jiwe halistahimili mpindo kama kigae cha udongo uliochomwa. Kanuni itumikayo sana Marekani huruhusu boriti ya sakafu inepe kwa sehemu 1 katika 360 ya urefu wake ikiwa juu yake pana vigae vya udongo, na kwa sehemu 1 katika 720 ikiwa pana jiwe. Kwa boriti ya mita 3.6, hizo ni milimita 10 na milimita 5. Mfasiri akichanganya maneno hayo mawili, amechanganya pia vipimo viwili.

Kitenzi "kunepa" tumekitumia kwa makusudi. Fimbo hunepa, na ubao hunepa ukikanyagwa. Kwa hiyo hatuna haja ya kuazima neno la kutaja mbao kupinda kwa uzito kisha kurudi: mnepo unatosha.

Neno "boriti" nalo linahitaji uangalifu. Katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Unguja, sakafu za ghorofani zilijengwa kwa boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Hata neno sakafu limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya paa au dari. Lakini katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, nyumba nyingi zina sakafu iliyo juu ya ardhi moja kwa moja, na sakafu ya mbao ni nadra. Msomaji wa huko asomapo "boriti" huinua macho kwenye paa. Mwalimu wa ufundi wa Handeni au Korogwe hana budi kupewa "boriti za sakafu" kwa ukamilifu, la sivyo wanafunzi wake watautafuta ugonjwa juu ya vichwa vyao ilhali uko chini ya miguu.

Sasa tulifikie neno "ufa", ambalo ndilo kiini cha hoja yetu. Kinachojaza mwanya baina ya vigae hakibebi uzito. Kazi yake ni kujaza tu. Kikipasuka, mara nyingi kinatoa habari za mahali pengine. Ufa unaofuata mstari mmoja ulionyooka mara nyingi huonyesha maungio ya mbao zilizo chini. Nyufa zilizozunguka sinki la choo hutokana na sinki linalotikisika. Ufa penye pembe ya sakafu na ukuta hutokea kwa kuwa pande hizo mbili husogea kila mmoja kwa namna yake, na pale panatakiwa kijazio chenye kunyumbuka. Kigae kikigongwa na kutoa mlio wa utupu, hakikushikamana na kilicho chini yake. Kijazio kinachomeguka kuwa unga pote, huenda kilichanganywa na maji kupita kiasi. Mbao zilizojengewa zikiwa mbichi hunywea zikaukapo, na zilizolowa kwa maji yanayovuja huvimba, kisha huoza. Hayo yote tumeyafunika kwa neno moja.

Kuhusu "kuziba", tumerithi methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ukuta, hekima hiyo haina shaka. Kwa sakafu inayonepa, ufa uliozibwa leo utafunguka tena, na maji yatakuwa yamepita katikati kuziozesha boriti. Mtumishi wa serikali anayeidhinisha matengenezo chini ya kifungu cha "kuziba nyufa" ataidhinisha fedha hizo tena, na mwishowe atatakiwa kuidhinisha sakafu mpya.

Kwa mintarafu hiyo tunapendekeza yafuatayo. Kwanza, "kigae cha sakafu" kitumike kwa kile cha udongo, na "marumaru" libakie kwa jiwe. Pili, "grauti" likubaliwe. Utaratibu wetu hutanguliza Kiswahili chenyewe na lugha za Kibantu kabla ya kukopa nje, lakini neno ambalo mafundi wamekwisha kulizoea halifai kung'olewa. "Saruji" haliwezi kushika nafasi yake, kwani saruji ni jina la malighafi tu. Tatu, dalili zitenganishwe: "ufa" kwa mpasuko ndani ya grauti, "mwachano" kwa grauti iliyobanduka ukingoni mwa kigae, na "mmeguko" kwa inayopukutika. Nne, katika miongozo na hati za zabuni, "kuchunguza chanzo cha ufa" kutangulie "kuziba".

Maneno mnepo, mwachano na mmeguko hayakutoka mbali. Yametokana na vitenzi tunavyovitumia kila siku. Tunawaomba walimu wa ufundi wa Handeni na Korogwe wayapime mbele ya mafundi wenyewe, pamoja na maneno ya Kizigua na Kisambaa yatakayojitokeza, kabla hayajasanifishwa.