Mhasibu Asiye na Daftari: Mardukas katika Midnight Run

Niliitazama Midnight Run kwanza katika kibanda cha video hapa Kampala, msimulizi akiitafsiri kwa Kiganda papo hapo. Kila Jonathan Mardukas alipotokea, msimulizi alimwita shujaa, nasi tukapiga makofi. Mwaka wa pili wenzangu wa bweni walinichagua kuwa mweka hazina wa mfuko wetu wa akiba. Nikaitazama tena kwenye kompyuta ya rafiki, na safari hii makofi hayakunitoka.

Filamu hiyo ya mwaka 1988 iliongozwa na Martin Brest. Mardukas (Charles Grodin) ni mhasibu aliyechota dola milioni 15 za Jimmy Serrano, bwana wa mafia wa Las Vegas, na kutoa sadaka sehemu kubwa ya fedha hizo. Akapewa dhamana, akatoroka. Jack Walsh (Robert De Niro), polisi wa zamani wa Chicago, anaahidiwa dola 100,000 amtoe New York na kumfikisha Los Angeles kabla ya saa sita usiku wa Ijumaa.

Kasoro kubwa ninayoiona ni hii: tunakutana na Mardukas akiwa ameshaanguka. Kupanda kwake hatukuoni. Hatuoni ofisi yake, wala ukurasa mmoja wa hesabu. Utetezi wake ni kwamba hakujua mteja wake ni nani, na alipojua, akachukua hatua. Basi, imekwisha! Lakini usawiri wake wenyewe unampinga. Huyu ni mtu anayemkera Walsh njia nzima kuhusu sigara na chakula, na anayemwonya kwamba kufungua mkahawa ni uwekezaji wa hatari. Mkahawa ambao haujajengwa anauona. Fedha za heroini zilizo mezani kwake hakuziona?

Mimi najua kidogo jinsi mtu asivyoona. Muhula uliopita shilingi 180,000 zilitoka kwenye mfuko wetu bila risiti. Mwenyekiti akaniambia, kwa upole kabisa, niandike "matumizi mengineyo". Nikaandika. Hakuna aliyeuliza. Filamu imeruka mstari kama huo, na kwa maoni yangu ndipo hadithi yote ya mhasibu ilipo.

Walsh amesawiriwa vizuri zaidi. Alikataa rushwa ya Serrano tangu mwanzo, akapoteza kazi na ndoa. Gharama yake tunaiona, hasa anapomtembelea aliyekuwa mke wake na kukutana na binti yake. Mandhari hiyo haina mzaha mwingi, na ndiyo bora kuliko zote.

Kwa hiyo mwisho unanisumbua. Uwanjani Los Angeles Walsh anamwachilia Mardukas, naye anamkabidhi mkanda wenye takriban dola 300,000, akisisitiza kwamba ni zawadi. Walsh anaupokea. Fedha hizo zilitoka wapi, kama si kwa Serrano yuleyule? Mwongozaji anatuchekesha tusiulize. Kibandani hatukuuliza, msimulizi alikuwa anashangilia, na mimi nilishangilia kuliko wengi.

Wiki iliyopita nilifungua daftari letu. Mstari ule nimeukata kwa kalamu nyekundu, nikaandika kando jina la aliyechukua fedha, na chini yake jina langu. Mkutano wa wanachama ni Jumamosi.