Malkia Wasio na Dola

Kiswahili hakina jinsia ya kike wala ya kiume katika vitenzi vyake. Msikilizaji wa redio akiambiwa kwamba mchezaji amempita beki, akaumimina mpira kati na mwenzake akaumalizia wavuni, hana njia ya kujua kutokana na sentensi hiyo kama wanaosemwa ni wanaume au wanawake. Huo ni usawa ambao lugha imeutoa bila ya kuombwa na mtu. Lakini usawa wenyewe hukoma pale jina linapotajwa. Neno 'mpira' likisimama peke yake, pasi na mkia, ni mpira wa wanaume. 'Timu ya taifa' ikisimama peke yake ni Taifa Stars. Wanawake ndio wanaofungiwa mkia: mpira wa wanawake, timu ya taifa ya wanawake, ligi kuu ya wanawake. Na katika sarufi hiyohiyo ya mkia umo mchezo mwengine wa mbali, mpira wa Kimarekani, ule wa tufe lenye umbo la yai. Mchezo wa dada wa nyumbani na mchezo wa mgeni wa ng'ambo vimewekwa katika chumba kimoja cha lugha, mlango wa uani.

Nyanda za Juu Kusini ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili, kwa sababu Mbeya na Iringa ni miji ambayo watu wake huzipa timu zao majina ya kweli. Tukuyu Stars, iliyotoka chini ya mlima Rungwe na kutwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, iliitwa na watu wake Banyambala. Mbeya City, iliyopanda ligi kuu mwaka 2013 na kumaliza msimu wake wa kwanza katika nafasi ya tatu, ikawa Wagonga Nyundo. Lipuli ya Iringa, iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019 ikafungwa na Azam bao moja kwa bila, ilijulikana kwa jina la Wanapaluhengo. Majina haya hayakutoka katika ofisi ya mdhamini. Yametoka vinywani mwa watu, kwa lugha ambazo bibi zao wangezifahamu, na kila moja lina mahali pake pa kusimama juu ya ardhi.

Baada ya hapo msomaji aende kwa wanawake. Ligi Kuu ya Wanawake ilipoanza msimu wa 2016/17, bingwa wake wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens. Wakafuata JKT Queens, kisha Simba Queens, na ubingwa ukawa unapokezanwa baina ya hao wawili. Watani wa Simba wana Yanga Princess. Iringa imeleta Panama Girls, na baadaye Ceasiaa Queens. Timu ya taifa ya Bara ilipokwenda katika mashindano ya Afrika Mashariki na Kati, ambako Zanzibar iliingia kivyake, iliwahi kuitwa Kilimanjaro Queens. Na Zanzibar nayo, ambayo wanaume wake ni Zanzibar Heroes, wanawake wake ni Zanzibar Queens. Malkia juu ya malkia, na binti mfalme mmoja asiye hata na alama ya wingi, kana kwamba timu nzima ya watu kumi na mmoja ni mtoto mmoja aliyeachwa mlangoni.

Si kosa kumwita mwanamke malkia. Tatizo la jina hili, likisomwa kama linavyosomwa neno katika shairi, ni kwamba halina tajiriba ndani yake. Ni neno lililokuja limeshashonwa. Haliambii lolote kuhusu Iringa, wala baridi ya asubuhi ya mji uliojengwa mita elfu moja na mia tano na zaidi juu ya bahari, wala vilima vya mawe vinavyouzunguka. Malkia wa Mlandizi na malkia wa Iringa wanaweza kubadilishana fulana pasi na jina kulalamika. Jambo hilo lisingewezekana kwa Banyambala. Na hapo pana fumbo ambalo wapenzi wa ushairi watalionja: neno hilo, katika Kinyakyusa, maana yake ni wanaume. Kwa hiyo hata pale ambapo jina limechimbwa ardhini, ardhi yenyewe ilikuwa imeshagawiwa.

Mataifa mengine ya Afrika yanatoa mifano ya kulinganisha, mizuri na mibaya. Kenya ina Harambee Stars kwa wanaume na Harambee Starlets kwa wanawake, yaani nyota na vijinyota. Ghana ina Black Stars na Black Queens. Afrika Kusini imefanya jambo la busara zaidi: wanaume ni Bafana Bafana, wavulana, wanawake ni Banyana Banyana, wasichana. Wote ni watoto, wote kwa lugha ya nyumbani, na hakuna aliyetiwa mkia. Jina la Twiga Stars linasimama mahali fulani katikati. Lina neno moja la Kiswahili, nalo ni zuri, la mnyama mrefu ambaye ni alama ya nchi. Lakini wanaume wamepewa taifa lenyewe, na wanawake wamepewa alama yake. Tena alama ya mnyama ambaye watu wengi huamini kwamba hana sauti.

Watu wa pwani wana sababu ya pekee ya kutoridhika na Queens. Visiwa hivi vimewahi kuwa na malkia wa kweli. Mwana Mwema alitawala Unguja katika karne ya kumi na saba, na Fatuma baada yake, na historia ya utawala wao imejaa Wareno, Waomani, fitina na uhamisho, si taji la kadibodi. Cheo cha 'Mwana' kilikuwa kikitosha kubeba heshima yote hiyo kwa silabi mbili. Lugha yenye hazina kama hiyo ikakopa Queens kwa Waingereza, ni sawa na mwenye kisima uani kununua maji ya chupa. Na wanawake wa Unguja walikwishacheza mpira kabla ya ligi ya Bara kuundwa. Filamu ya Zanzibar Soccer Queens, ya Florence Ayisi, ilitoka mwaka 2007 ikiwaonesha wachezaji wa timu ya Women Fighters wakifanya mazoezi katikati ya minong'ono ya mtaa. Hapo pia, iangaliwe, malkia wamo katika anwani.

Lugha ya watangazaji ni jambo jengine, na ni tajiri kuliko majina. Mtangazaji wa Kiswahili ni mshairi wa papo kwa papo, na istiara zake zinastahili kuhakikiwa kama za mshairi yeyote. Mchezaji akiunyanyua mpira juu ya kichwa cha mpinzani na kuukuta upande wa pili, husemwa amempiga kanzu. Akifunga bao, amezifumania nyavu. Kanzu ni vazi la mwanamume, na kufumania ni neno la ndoa iliyoingiliwa: mtu arudi nyumbani bila ya kutazamiwa, afungue mlango, aone alichokuwa haambiwi. Istiara hizi zilitungwa na wanaume kwa ajili ya wanaume, na zimechakaa kwa kutumika hata hazisikiki tena. Lakini zikitumiwa kwa msichana wa Iringa, ghafla zinapata roho. Mwanamke anayempiga mwenziwe kanzu hadharani, mbele ya jukwaa lililojaa waume za watu, amefanya tashtiti ambayo mtangazaji mwenyewe hakuikusudia. Na mwanamke anayefumania, badala ya kufumaniwa, ameligeuza neno lote. Hakuna aliyelazimika kutunga msamiati mpya. Ule wa zamani umeingia uwanjani na mtu mwengine.

Pengine ndiyo maana suala la ndoa halikukaa mbali na mpira huu. Mwezi wa Agosti 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipowapokea Ikulu vijana wa kiume wa chini ya umri wa miaka 23 waliotwaa ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati, aligusia wachezaji wa kike. Alisema kwamba baadhi yao, kwa vifua vyao bapa, mtu anaweza kuwadhani ni wanaume, na kwamba maisha ya ndoa kwao yamekuwa kama ndoto. Maneno hayo yalilaumiwa sana, ndani na nje ya nchi. Kwa haki, hotuba hiyo ilikuwa na swali ndani yake ambalo wengi waliolaumu hawakulijibu: mwanamke aliyeiletea nchi vikombe ataishi vipi miguu itakapochoka? Swali ni la maana. Udhaifu wa hotuba uko katika jibu lililodokezwa, kwamba ulinzi wa mwanamke huyo ungekuwa mume, na kwamba mpira umemkosesha mume. Mchezaji wa kiume aliyestaafu maskini, na wako wengi, huambiwa alikosa bima na mkataba mzuri. Wa kike akaambiwa alikosa umbo.

Jibu la wachezaji lilikuja kwa namna yao. Oktoba mwaka huohuo Twiga Stars walilitwaa kombe la nchi za Kusini mwa Afrika kwa kuifunga Malawi bao moja. Oktoba 2022, huko India, mabinti wa Serengeti Girls waliifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, ambako Colombia iliwatoa kwa mabao matatu. Taifa Stars haijawahi kucheza Kombe la Dunia. Kwa mwaka ule, basi, mpira wa Tanzania pasi na mkia ulikuwa ni wa wasichana, ingawa hakuna aliyethubutu kuuandika hivyo.

Marekani inafaa kutazamwa hapa, kwa sababu huko neno limekwenda njia nyengine. Wamarekani waliponena 'mpira wa miguu' kwa lugha yao walikusudia ule wa tufe la yai, ambao miguu huugusa kwa nadra. Mchezo huo ukakaa juu ya kiti cha enzi cha wanaume: vyuo vikuu, fedha, televisheni, vita vya mwili kwa mwili. Mpira wa duara ukabaki bila ya mlinzi. Sheria ya mwaka 1972 ilipokataza ubaguzi wa jinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu, vyuo vilijikuta na hesabu ngumu. Timu moja ya mpira wa Kimarekani katika chuo kikubwa iliruhusiwa, kwa zaidi ya miaka 30 hadi 2025, nafasi 85 za kusomeshwa bure, zote za wanaume. Mizani ilibidi isawazishwe upande wa pili, na mpira wa duara ulikuwa miongoni mwa michezo iliyofunguliwa kwa wanawake. Wakaingia katika nyumba ambayo wanaume hawakuwa wakiigombea, na wakatoka nayo Kombe la Dunia la 1991, 1999, 2015 na 2019. Hata vifupisho vya timu za taifa huko hubeba herufi kwa pande zote mbili: timu ya wanawake ina herufi yake na ya wanaume ina yake. Mkia umegawiwa sawa. Mwaka 2022 mikataba ya malipo nayo ikasawazishwa.

Iringa inawajua Wamarekani wa aina fulani. Dayosisi ya Kilutheri ya huko ina ushirika wa muda mrefu na makanisa ya Saint Paul, Minnesota, unaoitwa Bega kwa Bega, na Minnesota ni nchi ya Vikings, timu ya rangi ya zambarau iliyofika fainali kuu mara nne, 1970, 1974, 1975 na 1977, ikashindwa zote. Shabiki wa Iringa atakayeichagua timu hiyo atakuwa amechagua ushairi wa maombolezo. Fainali yenyewe huanza kama saa nane na nusu usiku kwa saa za Tanzania, na katika zaidi ya saa tatu mpira huwa mwendoni kwa takriban dakika 11 tu. Yaliyobaki ni kituo. Timu ina majaribio manne ya kusonga yadi kumi, kila moja sekunde chache kisha kimya. Mpenzi wa tarbia ataitambua mishororo minne ya ubeti, na yule aliyezoea soka atalala.

Wengi hukutana na mchezo huo si kwenye televisheni bali kwenye mitumba, Mwanjelwa na kwengineko, ambako fulana za timu za Marekani hutundikwa na kununuliwa kwa rangi zake. Nguo yenye maandishi ni kitu ambacho mtu wa pwani amefundishwa kukisoma. Kanga haivaliwi kabla ya jina lake kujulikana. Fulana hizi nazo zina majina, na baadhi ni ya uongo: kabla ya kila fainali huchapishwa fulana za ubingwa kwa timu zote mbili, na za aliyeshindwa kwa miaka mingi zilikabidhiwa shirika la misaada la World Vision ili zipelekwe nchi maskini. Ndivyo Patriots ya mwaka 2008 ilivyobaki bingwa katika nguo tu, baada ya kufungwa na Giants, timu ya Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa waziri mkuu wa Uganda. Mjukuu mwenyewe alikuwa majeruhi siku hiyo. Duniani mumejaa fulana za ushindi usiotokea, na wasichana walioifunga Ufaransa hawana kanga.

Kuna namna ya mpira wa Kimarekani isiyo na kugongana, itakayochezwa na wanaume na wanawake katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Badala ya kuangushwa, mwenye mpira hunyofolewa kitambaa kilichoning'inia kiunoni, na hapo mwendo wake hukoma. Kiswahili bado hakijautia jina linalokaa mdomoni. Wanaotafuta wasikimbilie kamusi ya Kiingereza, wala Queens. Kitambaa cha kiunoni, kilichofungwa na mwanamke aliyekusudia kazi, kina jina pwani yote: ni kibwebwe. Mpira wa kibwebwe utakuwa mchezo wa kwanza wa tufe ambao jina lake limetoka kwa wanawake, na wanaume wakitaka kuucheza watafungiwa mkia wao.