Nani kamtengeneza Villanelle?

Desemba nilikwenda likizo nyumbani Titye, huku Kasulu, na laptop iliyojaa data za tasnifu ambazo nilijidanganya kwamba nitazichambua nikiwa nimetulia. Sikuchambua hata safu moja. Binamu yangu alikuwa na flashi yenye misimu yote minne ya Killing Eve, na jioni mvua ikinyesha hakuna pa kwenda. Tukawa tunakaa sebuleni kwa mama mkubwa, watu saba au nane na watoto juu ya mkeka, mimi nikisoma maandishi ya chini na kuyageuza Kiswahili papo hapo. Waliokulia kwenye vibanda umiza wanajua kazi hiyo si ndogo. DJ wa tafsiri anaongeza chumvi, anachekesha, anawapa wahusika majina ya mtaani. Mimi nilitafsiri kikavu na nikalalamikiwa.

Tulipofika msimu wa tatu, sehemu ya tano, Villanelle anarudi Urusi kwa mama yake mzazi aliyempeleka kituo cha yatima akiwa mdogo. Jirani yetu mmoja, mzee mwenye heshima zake, akasema: "Mtoto kalelewa kituoni, mlitegemea awe nani?" Sebule nzima ikaitikia. Binti mmoja wa miaka kama kumi na sita, anayeishi na shangazi yake tangu wazazi wote wawili wafariki, akainuka akasema anakwenda kuangalia maharage jikoni. Hakurudi. Baadaye nilipita jikoni, hakukuwa na sufuria motoni.

Nasomea saikolojia ya makuzi ya mtoto, na usiku ule sikufungua mdomo. Nilichopaswa kumjibu mzee ndicho nakiandika hapa. (Kama hujaitazama tamthilia na hutaki kuharibiwa utamu, ishia hapa, urudi ukimaliza.)

Kwa wasiomjua: Villanelle ni muuaji wa kukodiwa. Alianzia kwenye vitabu vya Mwingereza Luke Jennings, kisha mwaka 2018 akaingia kwenye televisheni akiigizwa na Jodie Comer, aliyepata tuzo ya Emmy mwaka 2019 kwa kazi hiyo. Anavaa vizuri, anaongea lugha kibao, anaua kama mtu anayemenya chungwa. Eve, mwanamke wa idara ya ujasusi ya Uingereza anayeigizwa na Sandra Oh, anamfukuza hadi mwenyewe ananasa.

Tamthilia inaanzia kwenye mgahawa wa aiskrimu, Vienna. Villanelle anamwangalia mtoto wa kike aliyeketi meza nyingine. Anajaribu kutabasamu, mtoto hatabasamu. Kisha mtoto anamtabasamia mhudumu, na Villanelle anaangalia ile sura ya mhudumu kwa makini, kama mwanafunzi anayechungulia karatasi ya mwenzake kwenye mtihani, halafu anainakili. Sasa mtoto anatabasamu. Villanelle anainuka, anapita pembeni ya meza yake, na kwa kidole tu anaimwagia ile bakuli ya aiskrimu mapajani. Hakuna neno lililosemwa, na tayari tunamjua.

Kwangu mimi ile ni sayansi nzuri kuliko maelezo yote yanayokuja baadaye. Mwaka 2017 watafiti wa University College London waliwasikilizisha wavulana wa miaka 11 hadi 16 sauti za watu wakicheka. Wale waliokuwa na tabia za ukorofi pamoja na ubaridi wa hisia walisema hawana hamu kubwa ya kujiunga na kicheko. Kicheko walikisikia na wakakitambua, ila hakikuwavuta. Kutambua hisia ya mwenzako ni jambo moja, kuambukizwa nayo ni jambo lingine, na Villanelle pale mgahawani analo la kwanza bila la pili. Tena mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi waliwaonyesha wafungwa wenye saikopathi video za mikono ikiumizwa au ikibembelezwa. Ubongo wao uliitikia kwa udhaifu kuliko wa watu wengine, lakini walipoagizwa wajitahidi kuhisi anachohisi yule wa kwenye video, tofauti ilipungua. Yaani uwezo upo, hauwaki wenyewe. Comer anaigiza hivyo hasa: unaona Villanelle akiamua kuhisi, akichoka, akizima.

Neno "saikopathi" lenyewe tunalitumia ovyo, kuanzia kwa mpenzi aliyetuacha hadi kwa mwalimu mkali. Chombo kinachotumika zaidi ni orodha ya Robert Hare, mwanasaikolojia wa Kanada: vipengele 20, kila kimoja alama 0 hadi 2, jumla 40, na Amerika Kaskazini mpaka uliozoeleka ni 30. Hujazwi kwa kutazamwa tu. Mtu aliyefunzwa anakuhoji na kusoma mafaili yako. Nilimpigia Villanelle hesabu kwa mchezo. Haiba ya juujuu, kujiona bora, kuchoka haraka, uongo, kutojuta: pote mbili mbili. Lakini tazama wivu wake kwa Eve, anavyovunjika akikataliwa, anavyotamani aonwe. Pale wataalamu wawili wangegombana hadi chai ipoe. Madaktari wawili wa Ubelgiji, Leistedt na Linkowski, walichapisha mwaka 2014 uchambuzi wa filamu 400 za kuanzia 1915 hadi 2010, wakabaki na wahusika 126 waliowaona wanafaa kuitwa saikopathi. Wanaume 105, wanawake 21. Villanelle alikuja baadaye, na sidhani kama angewaridhisha sana. Aliyewaridhisha zaidi ni Anton Chigurh wa No Country for Old Men, ambaye hapendezi hata kidogo.

Sasa turudi kwenye asili yake, maana hapo ndipo mzee jirani alipopatia sentensi yake.

Jennings na televisheni hawakubaliani. Kwenye vitabu anaitwa Oxana Vorontsova wa mji wa Perm. Mama kafariki angali mtoto, baba ni mwanajeshi wa zamani anayemfundisha kupigana, majambazi wanamuua baba, binti analipiza kisasi, anafungwa, na kutoka gerezani anachukuliwa na Konstantin akafunzwe kazi. Ni hadithi ya kisasi, ya kizamani kabisa, na haidai kueleza kitu. Ana kipaji, kapata hasira, kapata mwajiri.

Kwenye televisheni anaitwa Oksana Astankova na mama yuko hai. Ile sehemu ya msimu wa tatu, iliyopigwa picha Romania, inampeleka kijijini: kaka yake Pyotr, mdogo wake Bor'ka anayempenda Elton John kupita kiasi, baba wa kambo, tamasha la mavuno lenye mashindano ya kurusha kinyesi cha ng'ombe. Nusu saa ya kwanza ni tamu ajabu. Sebule yetu ilicheka kuliko siku zote, maana kijiji ni kijiji, hata kikiwa Urusi. Halafu mama na binti wanabaki peke yao jikoni. Mama anamwambia kwamba tangu mdogo alikuwa na giza ndani yake. Binti anamjibu kwamba giza hilo amelitoa kwake. Mama anakufa, nyumba inalipuka kwa gesi. Kaka na mdogo wake kawaepusha, na yule mdogo kamwachia pesa za kwenda kumwona Elton John.

Uigizaji ni wa kiwango, sina ugomvi nao. Ninaogombana nao ni waandishi waliodhani tulihitaji ufunguo, wakatupa funguo mbili kwa mpigo: amezaliwa na giza, na pia ametupwa kituoni. Chagua utakayo, zote zinafungua mlango uleule. Mtazamaji anaondoka akiamini kwamba mtoto aliyeachwa ni bomu linalosubiri kiberiti.

Ushahidi unasemaje? Twende taratibu. Cathy Spatz Widom, Marekani, alichukua kumbukumbu za mahakama za miaka ya 1967 hadi 1971, watoto 908 walionyanyaswa au kutelekezwa, akawalinganisha na watoto 667 wa mazingira yanayofanana ambao hawakupitia hayo, akafuatilia nani alikamatwa na polisi ukubwani. Matokeo aliyoyatoa mwaka 1989 yanasema wazi kwamba walioumizwa walikamatwa zaidi. Hili halifichwi. Ila wengi wao hawakuwahi kukamatwa kwa kosa la ukatili, na hilo ndilo linaloachwa nje kila siku. Hatari iliyoongezeka si hukumu. Mtu akikwambia kunyeshewa kunaongeza uwezekano wa mafua, humwiti kila aliyelowa mgonjwa.

Kuhusu vituo vyenyewe tuna bahati ya utafiti bora zaidi, na sadfa ni kwamba ulifanyika Romania. Mwaka 2000 watafiti wa Bucharest waliwachukua watoto 136 kutoka vituo vya serikali. Kwa kura, nusu walipelekwa kwa walezi majumbani, nusu wakabaki na malezi ya kawaida ya wakati ule. Walipofika miaka 12 walipimwa ubaridi wa hisia. Wavulana waliopata walezi walikuwa na ubaridi mdogo kuliko waliobaki. Kwa wasichana tofauti hiyo haikuonekana. Kwa hiyo, mzee wangu, kituo kibovu kinaumiza, ndiyo. Lakini hata hapo mlezi mmoja anayekujali anabadilisha mambo, na anaweza kuwa shangazi.

Na "giza la kuzaliwa"? Essi Viding na wenzake, mwaka 2005, walichunguza mapacha wa miaka 7 wa Uingereza na Wales. Kati ya watoto wakorofi wenye ubaridi mkubwa wa hisia, mchango wa urithi katika tofauti za ukorofi ulikadiriwa asilimia 81. Kwa wakorofi wasio na ubaridi huo, asilimia 30. Namba ya 81 inatisha mpaka ukumbuke inapima nini: tofauti baina ya watoto katika kundi lile. Haisemi kwamba asilimia 81 ya ukorofi wa mtoto fulani imetoka kwa mama yake. Na hakuna aliyewahi kupima urithi wa kazi ya kuua kwa kulipwa.

Maana hiyo ni kazi, jamani, na ina watu wake. Wanajinai wa Chuo Kikuu cha Birmingham City walipitia kesi 27 za wauaji wa kukodiwa Uingereza kati ya 1974 na 2013. Walikuta wauaji 36, mwanamke mmoja tu. Malipo ya wastani yalikuwa pauni 15,180, na ya chini kabisa pauni 200, aliyoipokea kijana wa miaka 15. Walikuwemo watu wa mtaani wenye madeni. Wapo waliokata tamaa mlangoni. Hakuna gauni la rangi ya waridi wala nyumba ya Paris.

Jennings mwenyewe amesema alimchukulia Villanelle kutoka kwa mtu halisi, Idoia López Riaño, aliyeua kwa ajili ya ETA huko Hispania na baadaye, akiwa gerezani, akaikana. Kumbe nyuma ya mhusika kulikuwa na kundi lenye siasa, amri na wenzake wa kumpongeza. Kwenye televisheni kundi limebaki kivuli kinachoitwa Wale Kumi na Wawili, ambalo misimu minne haikutosha kulieleza. Tumepewa mama, tumenyimwa mwajiri.

Hapa kwetu kasoro ni ya upande wa pili. Ben Mtobwa, mzaliwa wa huku huku Kasulu, alitupa Joram Kiango na pembeni yake Nuru. Nikimkumbuka Nuru nakumbuka uzuri na ujasiri. Alikotoka sikumbuki kabisa. Zamani niliona huo ni uvivu wa mwandishi. Siku hizi nawaza kwamba angalau hakuna yatima aliyeinuka sebuleni kwa sababu yake. Ninayempenda zaidi ni Muddy wa Nairobi Heat ya Mukoma wa Ngugi, ya 2009: Mnyarwanda aliyenusurika mauaji ya kimbari, aliyewahi kushika silaha, sasa anaghani mashairi Nairobi. Yaliyompata ni mazito kuliko ya Oksana mara mia, na hayageuzwi ufunguo. Anapenda, anakasirika, anaweza kuua na anaweza kuacha. Sisi tunaoishi jirani na Nyarugusu, kambi iliyopo tangu 1996, tunajua watu wa namna hiyo. Wanauza vitunguu gulioni.

Ushauri wangu: tazama msimu wa kwanza wote, wa pili kwa raha zako, wa tatu kwa ajili ya ile sehemu moja, ukiitazama kama tamthilia na si kama faili la hospitali. Wa nne, uliotoka 2022, nilimaliza kwa ubishi tu. Villanelle anapigwa risasi na kufia mto Thames, na mashabiki dunia nzima wakakasirika, kwa haki.

Siku mbili baada ya ile jioni, yule binti alinikuta kisimani. Alikuwa ameisikia hadithi yote kwa binamu yangu, hadi mlipuko. Nilidhani ataniuliza kuhusu mama. Akaniuliza Bor'ka alikwenda kwa nani, na kama pesa zilitosha nauli. Nikamwambia nimefika mwisho wa tamthilia, na sikumbuki wamerudi kwake hata mara moja.

"Basi hawakumaliza," akasema, akajitwisha ndoo.