Ukimya wa Yaghnob Una Tarehe

Waandishi wa safari wana mazoea mabaya wakifika milimani: wanausifu ukimya bila kuuliza umetoka wapi. Wakikuta bonde lenye nyumba tano na mbuzi wachache, wataandika kwamba hapo wakati umesimama na dunia imewasahau watu wake. Msomaji anafunga kitabu akiwa ameburudika, anatamani kwenda.

Ndiyo maana nimesoma mara mbili sehemu ya Tajikistan katika Sovietistan, kitabu cha Erika Fatland, mwandishi wa Norway aliyesomea anthropolojia. Kilitoka kwa Kinorwe mwaka 2014, na tafsiri ya Kiingereza ya Kari Dickson ikafuata 2019. Fatland anazunguka nchi tano za Asia ya Kati zilizokuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti, na njia yake inampandisha hadi Bonde la Yaghnob.

Wayaghnobi wanazungumza lugha yenye asili ya Kisogdia, lugha ya wafanyabiashara waliovuma kwenye Njia ya Hariri kabla Uislamu haujafika huko. Kwa mwandishi mvivu hilo lingetosha: watu wa kale, lugha ya kale, mlima mrefu. Lakini ukimya wa bonde hili una tarehe. Mwaka 1970 wakazi walianza kuhamishwa kwa nguvu, kwa helikopta, wakapelekwa Zafarobod, tambarare ya joto kali. Walielezwa kwamba wanaokolewa na maporomoko ya theluji. Huko chini kulikuwa na mashamba ya pamba yaliyohitaji mikono. Wengi walikufa kwa joto na maradhi. Miaka ya baadaye baadhi ya familia zilipanda tena kwao na kujenga upya.

Kwa hiyo msiniambie dunia iliwasahau. Iliwakumbuka, ikawaorodhesha, ikawapandisha helikopta.

Sifa ya Fatland ni kwamba mandhari haimtoshi. Anajua Kirusi, na anakitumia kuuliza. Hata hivyo, chombo hicho kina mipaka yake. Kirusi kilikuwa lugha ya shule, ofisi na jeshi. Bibi ambaye hakupita popote kati ya hapo atasikika kupitia mdomo wa mtu mwingine, au hatasikika kabisa. Ukisoma, jiulize nani amejibu na nani amemimina chai tu.

Jina la kitabu nalo linanikera. Kuzifunga nchi tano kwa jina la dola iliyoanguka ni kama kuziita Tanzania, Kenya na Uganda kwa jina la mkoloni, kisha kushangaa kwamba hazifanani. Lakini nikifika Yaghnob hasira inapungua, maana hapo hata utupu ni kazi ya Wasovieti.

James C. Scott, katika Seeing Like a State cha mwaka 1998, aliweka sura ya mashamba ya pamoja ya Kisovieti jirani kabisa na sura ya vijiji vya Tanzania. Sisemi mambo hayo ni sawa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilikuja na ahadi ya shule, maji na zahanati, na kuna mahali ahadi ilitimia. Lakini watu walihamishwa kwa amri pia. Mimi nimekulia katika kijiji cha namna hiyo, nyumba zimepangwa kwa mistari, barabara imenyooka katikati. Wageni huusifu mpangilio wake kwa sauti ileile ambayo wasafiri huutumia kusifia ukimya wa milima ya Tajikistan. Mgeni anaona matokeo. Amri iliyoyaleta haionekani kwa macho.

Hapo ndipo ninapowapimia waandishi wa kweli-tupu, sisi tunaojifunza tukiwemo. Uzuri wa sentensi si kosa. Kosa ni kuugeuza uamuzi wa ofisi fulani kuwa hali ya hewa. Fatland hateleza sana katika hilo, na ndiyo sababu ninampendekeza kuliko wengi walioandika juu ya milima hiyo. Msome ukiwa na ramani na kalenda. Kila atakapokuonyesha mahali patupu, tafuta mwaka ambao watu waliondolewa, na jina la zao lililokuwa likiwasubiri huko chini.