Dadu ya Nyuso Kumi na Mipaka ya Hataza

Hataza ni haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi ili kuwazuia wengine, kwa muda maalumu, kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake bila idhini, naye kwa upande wake hulazimika kuueleza uvumbuzi huo hadharani kwa ukamilifu wa kumwezesha fundi wa fani hiyo kuuunda upya. Dadu huupa mfumo huo mtihani mgumu, kwa kuwa ni miongoni mwa vifaa vya michezo vya kale kabisa: jumba la makumbusho la Metropolitan, jijini New York, linahifadhi dadu ya jiwe yenye nyuso 20 na herufi za Kigiriki, iliyotoka Misri ya enzi za watawala wa ukoo wa Ptolemaio na za Warumi waliowafuata. Anayedai leo kwamba amevumbua dadu isiyo ya kawaida hukuta nyuma yake karne nyingi za maarifa yaliyotangulia, yaani kila kitu kilichokwisha kujulikana hadharani kabla ya ombi lake, na ulinzi anaoweza kuupata hauzidi upana wa tofauti iliyopo baina ya dadu yake na maarifa hayo.

Namna tofauti hiyo inavyopimwa huonekana vyema katika historia ya dadu ya nyuso 10. Maumbo matano ya Plato, ambayo nyuso zake zote zinalingana na ncha zake zote hukutanisha idadi ileile ya nyuso, yana nyuso 4, 6, 8, 12 na 20. Hakuna hata moja lenye nyuso 10, ilhali kupata asilimia kwa kurusha dadu huhitaji tarakimu kumi, kuanzia 0 hadi 9. Ndiyo maana, Dungeons & Dragons ulipotolewa nchini Marekani mwaka 1974 na kuanzisha michezo ambayo kila mchezaji huigiza mhusika katika hadithi inayotungwa papo hapo, haja hiyo ilikidhiwa kwa dadu ya nyuso 20 iliyoandikwa tarakimu hizo kumi mara mbili.

Mtu anayetaka nyuso 10 kamili anaweza kwanza kufikiria piramidi mbili zenye kitako cha pembetano, zikiunganishwa kitako kwa kitako. Umbo hilo lina nyuso 10 zinazolingana, na kwa hiyo halimpendelei mchezaji yeyote, lakini lina kasoro ya kimatumizi: likitulia juu ya uso mmoja, kinachoelekea juu ni ukingo, si uso, na namba ya kusomwa haipo mahali pake. Ufumbuzi wake ni kuizungusha piramidi ya juu kwa nusu ya pembe iliyopo baina ya nyuso mbili jirani, ili mstari wa katikati uwe wa kupanda na kushuka kama meno ya msumeno, na kila uso ugeuke kutoka pembetatu kuwa pembenne yenye sura ya tiara. Umbo linalopatikana huitwa trapezohedroni ya pembetano, na sifa yake kuu ni kwamba kila uso una mwenzake ulio sambamba nao upande wa pili, hivyo dadu inapotulia, uso mmoja hulala mezani na mwenzake hutazama juu bila utata. Katika mpangilio uliozoeleka, tarakimu shufwa huzunguka ncha moja na witiri huzunguka ncha ya pili, na nyuso mbili zinazotazamana hujumlishwa kuwa 9.

Umbo hilo lilikwisha kupewa hataza ya Marekani kama kifaa cha mchezo mwaka 1906, kwa namba 809,293, na kwa kuwa ulinzi wa wakati huo ulidumu miaka 17 tangu hataza kutolewa, tangu mwaka 1923 kila mtu alikuwa huru kulitengeneza. Hataza zilizofuata zilihusu marekebisho madogo, hasa kuviringisha au kukata kingo ili dadu ibiringike vizuri zaidi na matokeo yake yawe magumu kutabirika. Katika Gen Con, mkutano mkubwa wa wapenzi wa michezo ya mezani nchini Marekani, hataza moja ya aina hiyo ilizusha gumzo mwaka 1980, kwa sababu ilidhaniwa kimakosa kwamba inamiliki dadu zote za nyuso 10.

Kosa hilo lilikuwa la usomaji. Hati ya hataza ina jina, michoro, maelezo na mwishoni madai, na ni madai pekee yanayoweka mipaka ya haki, kama vile mawe ya mipaka yanavyoweka mipaka ya shamba, hata kama mchoro unaonyesha bonde zima. Kila dai hutaja vipengele kadhaa, na sharti la msingi ni kwamba bidhaa ya mtu mwingine haivunji dai hilo mpaka iwe na kila kipengele kilichotajwa, ama chenyewe ama kwa kilicho sawa nacho kiutendaji. Dai linalotaja nyuso kumi pamoja na kingo zilizoviringishwa kwa namna fulani haliigusi dadu ya nyuso kumi yenye kingo kali za kawaida. Kuna pia kanuni ya pili inayoziba njia upande wa nyuma, nayo ni kwamba kitu ambacho kingevunja dai kama kingekuja baada yake hulibatilisha dai hilo kama kilikuwepo kabla yake; kwa hiyo, kama dai lingeandikwa kwa upana wa kuzikumba dadu zote za nyuso 10, hati ya mwaka 1906 ingetosha kulibatilisha. Mwombaji wa namna hii amebanwa pande mbili: akipanua dai hukumbana na maarifa yaliyotangulia, na akilipunguza huwaachia washindani njia ya kupita.

Ugumu huzidi pale tofauti inapohamia kutoka katika umbo na kuingia katika alama zilizochorwa juu yake. Mfano ulio wazi ni shauri la kampuni ya Marco Guldenaar Holding, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Shirikisho ya Marekani mwezi Desemba 2018. Ombi lilihusu mchezo wa kamari wa dadu tatu za kawaida za nyuso sita, ambazo ya kwanza ilikuwa na alama katika uso mmoja tu, ya pili katika nyuso mbili na ya tatu katika nyuso tatu, na malipo yalitegemea alama zitakazojitokeza juu. Kihesabu mpangilio huo una upya wake, kwani uwezekano wa dadu zote tatu kuonyesha alama kwa pamoja ni 6 kati ya 216, yaani 1 kati ya 36. Hata hivyo, mahakama iliamua kwamba kanuni za kucheza mchezo ni wazo dhahania lisilostahili hataza, na kwamba alama zenyewe ni maandishi yaliyochapwa, yaani habari inayomweleza mchezaji kama ameshinda au ameshindwa bila kubadili utendaji wa mchemraba uliozibeba.

Mlango huo haukufungwa kabisa, kwa kuwa maandishi huhesabiwa pale yanapohusiana kiutendaji na kitu yalipoandikwa. Katika shauri la Gulack la mwaka 1983, mahakama hiyohiyo ilikubali hoja ya mwombaji aliyepanga tarakimu kuzunguka ukanda usio na mwanzo wala mwisho, kwa sababu mfuatano wenyewe ulitegemea ule mzunguko wa ukanda. Katika shauri la Smith la mwaka 2016, lililohusu mchezo wa karata, mahakama ilikataa ombi lakini ikadokeza kwamba mchezo unaotumia karata mpya au za aina ya pekee ungeweza kuwa na hatima tofauti.

Kwa mbunifu ambaye tofauti yake ni ya sura, Marekani hutoa pia hataza ya usanifu, inayolinda mwonekano wa mapambo wa kitu na kuuacha utendaji wake. Kwa maombi yaliyowasilishwa tangu tarehe 13 Mei 2015, ulinzi huo hudumu miaka 15 tangu kutolewa, na kipimo chake, kilichowekwa na Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka 1871, ni jicho la mnunuzi wa kawaida: kama angeweza kukidhania kitu kimoja kuwa ni kingine, haki imevunjwa. Dadu yenye nakshi za mifupa au ya chuma iliyotobolewa hufaa kwa njia hii, ilhali umbo linalotakiwa na jiometri ili dadu itulie sawasawa haliwezi kuitwa pambo. Jina nalo hulindwa kwa alama ya biashara, kama Lou Zocchi alivyofanya kwa Zocchihedron, dadu yake ya nyuso 100 iliyoonekana sokoni mwaka 1985.

Dadu hiyohiyo inafundisha jambo ambalo hati za umiliki hazilisemi. Nyuso zake 100 ni vibapa vilivyokatwa juu ya tufe na havina ulinganifu wa maumbo yaliyotajwa hapo juu, na jaribio la marusho 5,164 lililochapishwa katika jarida la White Dwarf lilionyesha kwamba namba zilizo chini ya 8 na zilizozidi 93 zilijitokeza kwa nadra kuliko ilivyotarajiwa. Kiswahili hutumia neno haki kwa umiliki na kwa uadilifu, lakini ofisi ya hataza hukagua kama uvumbuzi ni mpya, una hatua ya kiuvumbuzi na una manufaa, wala hairushi dadu mara elfu tano kupima kama inatenda haki.

Kwa hiyo mbunifu wa dadu mpya, kabla ya kuhesabu miaka ya ulinzi, hana budi kujua tofauti yake imekaa wapi, kwa kuwa ikiwa katika mwili wa dadu ina nafasi, ikiwa katika alama nafasi hiyo hufifia, na ikiwa katika kanuni za mchezo karibu hutoweka. Naye mtengenezaji anayetishwa kwa hataza ya mwenzake aanze na ukurasa wa madai, kisha ageukie hati za zamani, maana huenda, kama ilivyokuwa kwa dadu ya nyuso 10, jibu lake limo katika karatasi iliyosajiliwa miongo kadhaa kabla ya ubishi kuanza.