Nafsineni ya Mwanamke katika Nyimbo za Ukambani
Mhakiki anayetafuta ufeministi katika nyimbo pendwa za Kitui na Makueni kwa kuchunguza benga peke yake hupotoka. Katika benga ya Kikamba iliyovuma miaka ya 1970 na 1980, enzi ya Kakai Kilonzo (1954–1987), nafsineni aghalabu ni mwanamume. Mwanamke husifiwa au hulaumiwa, hasemi. Katika nyimbo za mwethya, ambazo wanawake huziimba wakichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, nafsineni ni "sisi": kiongozi huanzisha, kundi huitikia, mvivu hukejeliwa. Hata hivyo, sauti hiyo isichukuliwe kuwa ukombozi kamili, kwani hatimiliki ya shamba linalochimbwa aghalabu ni ya mume. Hivyo basi, uhakiki wa kifeministi hauna budi kupima si nani anaimba tu, bali pia kama wimbo unaotukuza jembe unaihoji hati hiyo.